Maikrofoni Chini ya Ngozi

Vijana wangu, juzi nilisimama nje ya banda la video pale stendi ya Katesh, nikamsikiliza mmoja wenu akitafsiri sinema. Sauti anayo, mbio anazo, na pumzi sijui anazitoa wapi. Lakini nusu saa nzima hakunyamaza hata mara moja. Mtu kwenye kioo analia, yeye anaongea. Watu ndani wanataka kucheka, yeye anaongea. Nikajisemea, huyu hakuna mtu aliyemwambia, na nisipomwambia mimi nitakufa nayo moyoni. Ndiyo maana nimechukua daftari na kalamu, na mke wangu ananishangaa.

Naitwa Zakayo, Mpare wa milimani. Jina nilipewa kabla wazazi wangu hawajajua kwamba na mimi nitakuwa mfupi. Nilikuja huku kwa barua ya uhamisho, nikiwa tarishi wa ofisi, mtu wa kubeba mafaili na kuchemsha chai. Siku hizo bado tulihesabiwa mkoa wa Arusha, na vijiji vya Ujamaa ndiyo kwanza vinapimwa kwa kamba, nyumba zikipangwa mistari kwenye nchi ambayo watu wake walizoea kukaa mbalimbali, kila boma na malisho yake. Serikali ilileta gari la sinema lizunguke vijijini kuwaelimisha wananchi, na gari likahitaji mtangazaji mwenye Kiingereza kidogo. Mimi nilikuwa nacho hicho kidogo. Nikapewa miezi mitatu ya majaribio, nikaacha birika la chai bila hata kuaga.

Bosi wangu ndani ya gari alikuwa Mzee Saidi, dereva na fundi wa projekta, mtu wa Pangani. Alikuwa amelala porini na simba hakuogopa, lakini baridi ya Mbulu ilimtoa machozi. Alivaa makoti mawili, na juu yake kanzu, akasema kanzu ndiyo inayoziba upepo. Kila nilichojua kuhusu kazi ile nilifundishwa na yeye, na karibu kila kitu alinifundisha baada ya mimi kukiharibu.

Kwa mfano balbu. Balbu ya projekta huishiki kwa mkono ikiwa ya moto, na ikiwa baridi huishiki kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi yako yataipasua ikishapata moto. Niliambiwa baada ya kupasua moja. Mkanda nao unauachia kitanzi juu ya lango la picha, pale mwanga unapopenya, na kingine chini, upana wa vidole viwili. Ukikaza, unakatika. Ukilegeza sana, picha inarukaruka kama ina homa. Niliambiwa baada ya kukata futi sita. Jenereta unaliweka mbali, upande unakokwenda upepo, ili kelele na moshi visirudi kwa watu. Na waya wake, jambo ambalo Mzee Saidi mwenyewe alijifunzia huku Hanang, unauning'iniza juu. Ukiutandaza chini, ndama watakuja kuuramba kwa sababu ya chumvi ya jasho la mikono yenu. Tuliwahi kusimamisha sinema ya uzazi salama pale Mogitu kwa ajili ya mtamba mmoja aliyekuwa amejisokotea waya shingoni na hataki kuachia.

Jambo lililotushinda kabisa mwanzoni lilikuwa saa. Sinema inataka giza, na sisi tulizoea kuanza jua likizama. Lakini kwa wafugaji wa kijiji cha Gehandu jua likizama ndipo kazi inapoanza. Ng'ombe wanarudi, wanawake wanakamua, mlango wa boma unafungwa kwa miiba kwa sababu fisi hawana simile. Ukiwaita saa moja jioni utawapata walimu, mganga wa zahanati na mbwa. Mzee Saidi akasema basi, giza tutalitengeneza wenyewe. Tukaomba ghala la mazao la kijiji, la matofali, bati juu, madirisha madogo manne. Tukaziba madirisha kwa mablanketi na ngozi za ng'ombe, tukaanza kuonyesha saa sita mchana. Humo ndani palikuwa na joto la tanuri, vumbi la ngano lilicheza kwenye mwanga wa projekta, na harufu ya ngozi usiulize. Lakini watu walikuja.

Walikuja mara ya kwanza, niseme ukweli. Mara ya pili ilikuwa kazi.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa huu: kwanza filamu ya kuchekesha, halafu filamu ya somo. Somo la mwaka ule lilikuwa majosho, jinsi ya kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Na filamu ya kuchekesha tuliyopewa ilikuwa ya Marekani, nyeusi na nyeupe, rili tatu, yaani magurudumu matatu ya mkanda. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu, limenitoka. Sisi tuliiita Sinema ya Mzee na Ng'ombe.

Mzee Saidi aliangalia rili ya kwanza akatikisa kichwa. "Zakayo," akasema, "hii mbona wamekaa tu wanaongea?"

Kweli, watu walikuwa wamekaa sebuleni, wanaongea. Wanasimama, wanaongea. Mmoja anatoka, anaongelea nje. Nikasoma karatasi iliyokuja na kopo la mkanda, nikaona imeandikwa kwamba hadithi hii huko kwao ilikuwa mchezo wa redio. Watu waliusikiliza miaka mingi majumbani, wakaupenda, ndipo wenye sinema wakawachukua wachezaji walewale wakawaweka kwenye picha. Utamu wote ulikuwa kwenye maneno. Na maneno hayo nusu niliyaelewa, nusu nilikuwa nayabuni.

Hadithi yenyewe ni hii. Kuna mzee anakaa mjini kwa mwanawe. Mzee amekwenda mnadani akanunua ng'ombe wa maziwa, amemficha kwenye banda la gari. Mwanawe anashinda kazini. Anayebaki nyumbani ni mke wa mwana, mwanamke mkali, mwenye masikio. Anasikia mlio. Anauliza ni nini hicho. Mzee anasema ni tumbo langu. Anasikia tena, mzee anasema ni redio ya jirani. Inaendelea hivyo rili tatu, na mwanamke anamfuata mzee nyumba nzima akimwita kwa jina lake, tena kwa sauti, na mara moja anamvua kofia na kumpiga nayo begani.

Mimi niliona inachekesha. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mhasibu akaja kuangalia. Sasa nikasimama mbele ya ghala lililojaa Wabarabaig wa Gehandu, nikashika maikrofoni, nikawaeleza kwa Kiswahili safi: huyu mzee ni baba wa mume, na huyu mama ni mke wa mwanawe, sasa msikilize anavyomwambia.

Wale wanaojua Kiswahili wakawanong'oneza wasiojua. Nikasubiri kicheko. Kikaja kimya, na kimya kile sijawahi kukisikia tena. Mwanamke kwenye kitambaa cheupe cha picha akamwita mkwe wake kwa jina. Akina mama wakajifunika nyuso kwa shuka. Akamwita tena. Wakaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, wakiinama wasikate mwanga, kwa adabu, wakatoka. Alipomvua kofia, wazee wakatoka. Mpaka rili ya pili inaisha tulibaki Mzee Saidi, mimi, mwalimu mkuu aliyekuwa amelala, na mbwa wawili ambao nadhani walifuata kivuli.

Filamu ya majosho hatukuionyesha. Tungemwonyesha nani?

Habari ilifika Katesh kabla yetu. Afisa Utamaduni, ambaye wote tulimwita Bwana Utamaduni, alikuwa Mnyakyusa mrefu, mpole, mwenye tai moja. Alinisimamisha mbele ya meza yake. "Zakayo, kijiji kimoja kikikataa, vingine vitafuata. Mkoa unataka gari hili lipelekwe wilaya nyingine ambako watu wanakaa. Nimewaomba onyesho moja. Palepale Gehandu, filamu ileile, na mimi nitakuwepo. Watu wakikaa mpaka mwisho wa majosho, gari linabaki na wewe unabaki nalo. Wakitoka, gari linaondoka na wewe unarudi kwenye chai."

Nilimwomba anipe filamu nyingine. Hakukuwa na nyingine.

Nawaambia vijana, niliumia. Msidhani ni kwa sababu ya cheo. Kuna kitu kinakuingia ukiwa nyuma ya ule mwanga, ukiona nyuso mia zimeinuka pamoja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na sikuwa nimewahi kupenda kitu namna ile. Sikutaka birika.

Tulirudi Gehandu siku chache kabla, kutengeneza paa la ghala lililokuwa linapitisha nuru. Niko juu ya ngazi, nikasikia mtu chini anakohoa. Mwanamke wa makamo, amevaa gauni lao la ngozi, bangili za shaba mkononi, kibuyu cha maziwa begani. Nikashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sinema?"

"Ndiye mimi."

"Yule ng'ombe hakukamuliwa."

Nikamwuliza ng'ombe yupi.

"Yule wa kwenye kitambaa. Niliangalia kwa dirishani, pembeni ya ngozi yenu, yote mpaka ulipozima. Ana maziwa, kiwele kimejaa, kimevimba. Siku tatu wamemfungia, wanaongea tu, wanaongea tu. Hakuna mtu anamkamua. Mimi sikulala."

Huyo ndiye Mama Gidamis. Kiswahili alijifunza kwa kuuza maziwa Katesh tangu msichana, na darasa la watu wazima alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Aliangalia kwa dirishani kwa sababu ndani alikuwamo baba mkwe wake, na yeye asingeweza kukaa akicheka mbele yake. Akanieleza nilichokuwa sikijui, kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mtoto mahali mto unapopita. Kwao mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba wa mume wake, liwe la mbele au la nyuma. Hamkaribii, hamtazami usoni. Wanaishi boma moja, wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Mimi niliwaonyesha mwanamke anayelipigia kelele jina hilo mbele ya wakwe na wakamwana waliokaa ghala moja. Walitoka ili wasiaibishane.

"Sasa nifanye nini, mama? Filamu ndiyo hiyo."

"Yule si mkwe. Yule ni mjukuu."

"Mama, ni mkwe. Wamesema wenyewe."

"Wewe umekwenda kwao?"

"Hapana."

"Basi unabisha nini? Mfanye mjukuu. Mjukuu anamtania babu yake anavyotaka, anamwita anavyotaka, hata kofia anachukua. Hapo hakuna mtu anatoka."

Nilimtazama Mzee Saidi. Mzee Saidi alikuwa amekaa kwenye bampa ya gari na makoti yake mawili, anacheka mpaka kanzu inatikisika. Nafsi yangu ya ofisini ikasema huu ni uongo. Nafsi yangu nyingine ikasema birika linachemka. Ile ya pili ikashinda.

Nikamwomba aseme yeye, kwa lugha yake, maana mjukuu wa Kiswahili changu asingechekesha mtu. Akasema angependa, tena sana, lakini mzee wa boma lake, yule baba mkwe, lazima awepo, kwa kuwa asipokuja yeye Gehandu haiji. Na yeye hawezi kupaza sauti mbele ya mzee. Akabeba kibuyu chake akaenda zake.

Basi tukaenda kwa mzee. Jina lake silitaji hapa. Sijalisahau, ila Mama Gidamis hakuwahi kulitaja mbele yangu, na mimi nikazoea hivyohivyo. Tulimkuta amekaa kigodani kwenye kivuli cha ukuta wa boma, mlima Hanang wote uko nyuma yake, fimbo mapajani. Mzee Saidi alimpa tumbaku. Wakavuta. Wakaongea mvua, wakaongea nyasi, wakaongea mvua tena. Mimi nikaeleza shida yangu vibaya, kwa haraka, kama kawaida ya vijana.

"Mke wa mwanangu," mzee akasema, "ana miaka kumi na tano katika boma hili. Ni mtu mwema. Sauti yake naisikia kwa mbali anapowaimbia ndama. Nikikaribia, ananyamaza. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa mnataka aongee mbele yangu, watu wote wasikie?"

"Ndiyo, mzee."

"Bila ukuta?"

Nikasema ghala lina kuta nne. Akanitazama kwa huruma.

"Ukuta kati yangu na yeye."

Mzee Saidi akaona mbali kuliko mimi. "Ukuta wa ngozi unafaa?" akauliza.

Mzee akafikiri, akageuza fimbo. "Ngozi ni ukuta," akasema. Akaingia ndani, akatoka na ngozi ya dume jeusi, kubwa, iliyolainishwa kwa mafuta mpaka inakunjika kama shuka. "Hii. Siyo zile zenu za dirishani, zinanuka."

Siku tatu tulifanya mazoezi ghalani. Mama Gidamis alikuja na mumewe, kwa heshima, na mume akalala usingizi kila siku kwenye magunia. Mimi nilimnong'oneza kwa Kiswahili kilichosemwa, yeye akakigeuza. Hakugeuza neno kwa neno. Alisikiliza, akatazama midomo ya yule mwanamke, akangoja ifunguke, ndipo akasema. Ikifungwa, ananyamaza. Nikamwuliza kwa nini haongezi, nafasi ipo. Akasema, "Mtu akicheka ameziba masikio. Ngoja ayafungue." Haya, kijana wa stendi, hilo ni lako, nimekuletea bure.

Yule mume wa kwenye sinema tukamfanya mume wa mjukuu, mtu wa kuja na kuondoka. Lakini tatizo la ng'ombe lilibaki. Mama Gidamis alisema watu hawatatulia wakiona kile kiwele. Nilikaa nikawaza, nikaelewa. Kwenye redio ng'ombe ni mlio tu, hana kiwele, hana njaa, hana ndama anayelia nyuma. Wale wa sinema walimchukua kutoka redioni wakamtia kwenye picha bila kukumbuka kwamba sasa ana mwili. Lilikuwa kosa lao, na pengine nchi yao nzima hakuna aliyeliona. Gehandu waliliona wote.

"Niachie," akasema Mama Gidamis. "Nitamwuliza babu."

Siku ikafika. Ghala likajaa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mzee alipita kila boma akisema ngozi yake itakuwepo. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Katikati, kutoka kwenye boriti mpaka chini kabisa, ile ngozi nyeusi. Upande huu kaketi Mama Gidamis, na mimi nimechuchumaa miguuni pake. Upande ule, mbele kabisa, karibu na ngozi kwa kuwa ndiyo sehemu ya heshima, mzee na kigoda chake. Bwana Utamaduni alikaa kwenye kiti cha shule na tai yake, jasho linamtiririka. Mzee Saidi akapunguza sauti ya Wamarekani mpaka ikawa mnong'ono. Akawasha.

Sauti ya kwanza ya Mama Gidamis ilitetemeka. Aliwaeleza: huyu ni babu, na huyu ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Nikasikia ghala zima linavuta pumzi, halafu linaegemea. Mwanamke kwenye kitambaa akafungua mdomo, na Mama Gidamis akamwita mzee majina yote ambayo mjukuu humwita babu yake. Meno mawili. Fimbo kavu. Mchumba wangu asiye na ng'ombe. Kicheko kikatoka upande wa wanawake, kikavuka ngozi, kikawakuta wanaume, kikarudi kwa kishindo. Mambo hayo ya maneno nilitafsiriwa baadaye na mumewe, maana Kibarabaig changu kilikuwa cha kuombea maziwa tu. Lakini kucheka nilicheka palepale.

Rili ya pili. Mwanamke anasukuma mlango wa banda, ng'ombe huyo, kiwele hicho. Nikasikia wanawake wanaguna, nikaona mmoja anaanza kukusanya shuka yake. Kwenye kitambaa mwanamke amesimama kashika kiuno, anamgeukia mzee. Mama Gidamis akangoja mdomo ufunguke, akauliza, kwa sauti yake yote sasa, bila kutetemeka:

"Babu! Huyu ng'ombe umemkamua lini?"

Kwenye kitambaa mzee yule wa Marekani akafungua mdomo kujibu. Na kabla Mama Gidamis hajamjibia, likatoka jibu upande wa pili wa ngozi. Sauti nzito, ya taratibu, bila maikrofoni:

"Tangu lini mwanaume akakamua? Namngoja mjukuu wangu aamke. Siku ya tatu leo, amelala, na kibuyu amekilalia."

Nawaambia, bati la ghala lile lilitaka kung'oka. Wanawake walipiga makofi, wazee walipiga fimbo chini. Mama Gidamis alishika mdomo kwa mikono miwili, akanitazama, macho yamejaa maji na mabega yanacheka. Miaka kumi na tano. Mimi nilisahau kazi, nikabaki nimeduwaa, mpaka Mzee Saidi akanirushia kitambaa cha kusafishia lenzi, kikanipiga usoni. "Maikrofoni!" akapiga kelele. "Mpe mzee maikrofoni, wewe!"

Tulikuwa na moja tu. Nikalala kifudifudi, nikaipitisha chini ya ngozi. Nikaona mkono wa mzee unaipokea. Akasema lake, akairudisha. Nikampa Mama Gidamis. Akasema lake, nikaipitisha tena. Tangu hapo mpaka mwisho wa rili ya tatu nilikuwa tumboni, kwenye vumbi la ngano, nikienda na kurudi nusu hatua, kila mdomo wa mwanamke ukifunguka na kila mdomo wa mzee ukifunguka. Hakuna aliyenitazama. Kazi niliyoifanya miaka yangu yote iliyofuata, katika vijiji vyote, kwa kweli ilikuwa ni hiyohiyo: kupitisha kitu chini ya ngozi na kuondoa mkono haraka.

Majosho waliyatazama mpaka mwisho. Mzee alipoona ng'ombe wa kwenye somo wanaruka majini, aliomba maikrofoni, akamwuliza mjukuu wake kama na yule wa kwenye banda ataogeshwa au ataendelea kusahauliwa. Mjukuu akamjibu kwamba ataogeshwa siku moja na babu, wote wananuka. Josho la Gehandu lilipojengwa, halikukosa watu.

Bwana Utamaduni alinifuata nikiwa najikung'uta. Kiingereza alikuwa nacho kuliko mimi, na jirani yake alikuwa amemnong'oneza Kibarabaig chote kwa Kiswahili. "Zakayo," akasema polepole, "yule si alikuwa mkwe wake?"

"Huko kwao ni mkwe, bwana. Hapa ni mjukuu."

Alivua miwani akaifuta kwa tai, akajifuta na macho. "Gari linabaki," akasema. Akageuka, akarudi tena. "Na ile rili ya pili, mtaionyesha lini Katesh? Nataka mke wangu aione."

Basi nilibaki. Nimebaki mpaka leo, nimeoa huku, nimezaa huku. Filamu ile tuliizungusha mpaka ikakatika vipande, na kila ilipokatika Mzee Saidi aliiunga kwa wembe na gundi, ikawa fupi, maneno yakawa marefu. Mwisho kulikuwa na vijiji vilivyoomba Mama Gidamis na mzee waje na ngozi yao hata kama projekta imeharibika, wakae tu waongee. Hadithi ilitoka redioni ikaingia kwenye picha, na huku kwetu ikarudi kuwa sauti.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya siku ile ya kwanza ya ngozi, baada ya Bwana Utamaduni kuondoka. Jua lilikuwa linaegemea, watu wamekimbilia ng'ombe wao. Tuliondoa mablanketi, nuru ikaingia ghalani, vumbi likaanza kutulia. Mzee Saidi alikuwa anakunja kitambaa. Mimi nilipanda ngazi kufungua kamba ya ile ngozi nyeusi ili nimrudishie mwenyewe. Nilidhani wameondoka wote.

Nilikuwa nimefungua fundo moja. Upande huu Mama Gidamis alikuwa bado amekaa, kibuyu mapajani, macho chini. Upande ule mzee alikuwa bado kwenye kigoda chake, anatazama ukuta ambao sasa hauna kitu.

"Kijana," mzee akasema bila kuinua kichwa, "hiyo iache kwanza. Mjukuu wangu bado hajanijibu."